Kodi ya Nzi wa Shangazi

Alder Fork, Montana
14 Oktoba 2018

Mwanangu Merrill,

Pokea salamu za shangazi yako, mzima wa mwili wote isipokuwa masikio, ambayo siku hizi yanaisikia kengele ya kanisa kama mtu anayegonga ndoo nyumba ya tatu. Ndiyo maana nakuandikia. Ukinipigia simu nitaishia kuitikia "enhe, enhe" kwa mambo nisiyoyasikia, na siku moja nitajikuta nimekuuzia nyumba. Hapa theluji imeshashika vilele. Mwenzangu wa kazi Ione magoti yanamsumbua, lakini ulimi haujambo. Kila asubuhi tunakaa mezani, yeye na jiliwa lake, mimi na langu, tunafunga nzi wa kuvulia samaki, manyoya na uzi juu ya ndoana, mpaka mchana. Majogoo wote wazima isipokuwa yule mwekundu, aliyechukuliwa na mbweha. Manyoya yake yalikuwa mazuri kuliko tabia yake. Mkeo Renata hajambo? Mwambie jamu ya beri za mlimani iko njiani.

Sasa nije kwenye lililonikalisha. Nimepata barua kutoka ofisi ya kodi ya jimbo moja la huko mashariki, mahali nisipowahi kukanyaga hata stendi yake ya basi. Wanasema mwaka huu nimewauzia watu wao oda zaidi ya mia mbili kwa mtandao, kwa hiyo inanipasa niwatoze wanunuzi kodi ya mauzo na niwapelekee wao. Kumbe mwezi wa sita korti kuu ya nchi imeamua kwamba jimbo linaweza kumbana hata muuzaji asiye na mguu ndani ya mipaka yake. Lakini oda mia mbili, Merrill! Mtu akiuza piano mia mbili ni tajiri. Mimi nauza nzi wa ndoana, dola mbili na nusu mmoja. Mwanaume ananunua watatu, anawaning'iniza wote kwenye miti ya kando ya mto, wiki ijayo ananunua watatu tena. Hizo ni oda mbili, na mimi bado ni maskini.

Wewe ndiye unayefanya kazi kwenye hiyo kamati ya kurahisisha kodi. Kwenye mazishi ya baba yako ulinieleza saa nzima, nami nikatikisa kichwa kwa heshima. Nieleze tena, safari hii nasikiliza kweli. Umezaliwa hapa, unajua hatuna kodi ya mauzo. Bei iliyoandikwa kwenye kibandiko ndiyo inayotoka mfukoni, basi. Sijui hata pa kuanzia.

Tangu mume wangu Norvin afe, ni duka hili linalonilipia nyumba. Likianguka, nyumba italifuata. Kwa hiyo usinieleze kwa haraka.

Shangazi yako akupendaye,
Arlys

*

Des Moines, Iowa
2 Novemba 2018

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika, na jamu imefika, na jamu imeisha. Renata anakusalimu sana, na ana sababu ya kuila jamu yote peke yake: ni mjamzito. Daktari anasema Aprili. Baada ya mama yake, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, kwa hiyo usimwambie Ione mpaka tumalize ndugu, maana ukimwambia Ione umelitangazia bonde zima.

Kuhusu kodi, shangazi, umekuja kwa mtu sahihi na nimefurahi mno. Nchi hii ina mahali zaidi ya elfu kumi penye viwango vyake vya kodi: jimbo, kaunti, mji, hata wilaya ya zimamoto. Mahali pengine peremende yenye unga wa ngano huitwa chakula, na isiyo na unga huitwa peremende, na kodi zake ni mbili tofauti. Nani angeweza kuyajua yote hayo? Ndiyo maana majimbo ishirini na manne yamekubaliana kutumia maana moja ya maneno na fomu moja ya kujiandikisha. Kazi ya kamati yetu ni kuyashauri majimbo hayo.

Wewe jaza fomu ile moja tu, ujiandikishe majimbo yote ishirini na manne kwa mkupuo. Ndiyo, mengine hayajakudai bado, lakini yatakudai, heri ulale usingizi. Kisha utapewa programu ya bure, majimbo ndiyo yanayoilipia. Itaingia kwenye tovuti yako, itajua mteja anakaa wapi, itaongeza mstari wa kodi kwenye risiti yake, na kila mwezi itatoa hela kwenye akaunti yako na kuzipeleka zinakotakiwa. Hutagusa kitu. Nakuahidi, hutajua hata kama imepita.

Mimi nimeipa kazi hii miaka sita ya maisha yangu, na wengi kazini hawaamini kama inamsaidia mtu wa kawaida. Ukifaulu wewe utanifurahisha kuliko unavyodhani.

Mwanao,
Merrill

*

Alder Fork
9 Desemba 2018

Mwanangu Merrill, na mama kijacho,

Hongera, hongera, na hongera tena. Sikumwambia Ione. Alinitazama tu usoni akasema, "Renata ana mimba," akaendelea kufunga nzi. Sasa bonde zima linajua na mimi sina hatia. Nimeanza kufuma blanketi la rangi ya njano, maana njano haimkosei mtoto yeyote. Baridi imetukamata vizuri. Mfereji wa majogoo umeganda na nawapelekea maji kwa birika kama wagonjwa.

Nimeijaza fomu yako. Nilikaa na kikombe cha chai na miwani ya Norvin, inayonifaa kuliko yangu, nikamaliza kabla chai haijapoa. Majimbo yote ishirini na manne. Ulisema kweli, ni rahisi. Nilikuwa nimejitayarisha kulia.

Siku ya kwanza mashine ilipoanza kazi, mteja wangu mmoja wa Wisconsin, ambaye nimemfungia nzi tangu Norvin yuko hai, aliniandikia barua pepe: "Arlys, tangu lini umekuwa mtoza ushuru? Nikutafute juu ya mti gani, kama yule mfupi wa Injili?" Alikuwa anatania, najua. Ione alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikwenda kuwalisha majogoo. Jioni nikarudi kwenye kompyuta nikalirekebisha jambo hilo, na tangu hapo hakuna mteja aliyeniuliza kitu.

Basi mambo yamekaa sawa. Usiwe na wasiwasi nami, tunza mkeo. Asinyanyue ndoo.

Shangazi yako,
Arlys

*

Des Moines
27 Januari 2019

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya iliyochelewa. Renata anakwenda kama bata na ukimwambia hivyo unalala sebuleni. Mtoto anapiga mateke kila akila kachumbari. Tumechagua jina lakini sitalitaja, maana Ione ana masikio ya kusikia hata bahasha.

Shangazi, nina habari ambayo nimeibeba kifuani tangu Alhamisi. Tulikuwa na kikao Minneapolis. Palikuwa na pendekezo la kuyashauri majimbo yaondoe ile hesabu ya oda mia mbili, ibaki thamani ya mauzo peke yake, ili wauzaji wadogo waachwe. Akasimama baba mmoja muuza sabuni, akasema, "Jamani, mimi mtu mdogo, hii itaniua." Alisema vizuri, watu wakaanza kumwonea huruma. Mwenyekiti wetu, Bi. Strand, mama mkavu kama biskuti, akageuka kwetu sisi watumishi akauliza, "Kuna yeyote anayemjua muuzaji mdogo ambaye ameweza?"

Nikasimama. Mimi, ambaye miaka sita nimekaa nyuma nagawa makaratasi! Nikasema, "Ninaye shangazi, ana miaka sitini na nane, hasikii vizuri, anafunga nzi wa kuvulia Montana, ambako kodi hii hawaijui kabisa. Amejiandikisha majimbo yote." Nikatoa barua yako mfukoni nikawasomea: nikamaliza kabla chai haijapoa. Ukumbi ulicheka, shangazi, kicheko kizuri cha watu waliotua mzigo. Wakapiga makofi. Kura zilipopigwa pendekezo likaanguka, na Bi. Strand akanishika bega akaniambia, "Shangazi yako ametufanyia kazi ya mwaka mzima."

Nilitamani baba angekuwepo. Nilijivunia wewe mpaka nikaona haya.

Mwanao,
Merrill

*

Alder Fork
31 Machi 2019

Mwanangu Merrill,

Samahani nimekawia. Theluji ilikuwa nyingi, kisha ukaja upepo wa joto ukaiyeyusha yote kwa mara moja, na sasa matope yanavua viatu. Blanketi nimelimaliza, limo humu kwenye kifurushi. Kona moja imepinda kidogo, mwambie mtoto asiitazame.

Nimeuza boti ya Norvin. Ilikuwa inajaza banda bure. Ione ameacha kufunga nzi hapa. Amepata kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee huko mjini Dillon. Ni kazi nzuri, ina bima. Asubuhi meza imekuwa kubwa.

Majogoo nimewapunguza.

Renata ajitahidi kutembea, inasaidia.

Arlys

*

Des Moines
5 Mei 2019

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Signe Arlys Haugen amezaliwa, yeye na mama yake wazima, na ana kichwa cha baba yangu, maskini. Ndiyo, jina la pili ni lako. Amefunikwa lile blanketi sasa hivi ninapoandika, na kona iliyopinda ndiyo anayoinyonya.

Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana mara mbili. Baba mkwe wangu amestaafu, na Renata akamwagizia nzi kumi na wawili kutoka dukani kwako, kwa jina la mzee mwenyewe, ili usije ukatupa bure. Wamefika, wazuri ajabu. Lakini nimeiona risiti. Haina mstari wa kodi. Iowa ni mojawapo ya majimbo yale ishirini na manne, shangazi. Ilipasa Renata atozwe asilimia sita, na hakutozwa hata senti.

Nimekaa na karatasi ile nikitafuta maelezo mengine, sikupata. Uliniandikia "nikalirekebisha jambo hilo." Je, uliizima ile programu baada ya yule mtu kukutania? Nambie ukweli. Hili si jambo la kucheka. Ni sheria, na kodi unayotakiwa kutoza usipoitoza, watakuja kuidai kwako. Na pia, sitaki kukuficha, nilisimama mbele ya kamati nzima nikakutaja. Ikijulikana kwamba huyo shangazi hakuwahi kutoza, nitaonekana mwongo, na kila mtu atasema mfumo wetu haufanyi kazi.

Nakuomba unijibu upesi.

Merrill

*

Alder Fork
26 Mei 2019

Merrill,

Umempa mtoto jina langu na ukaniita mwizi katika barua moja. Hilo linahitaji kipaji.

Nimemwombea Signe, nimelia kwa furaha, na hayo nimeyamaliza. Sasa nisikilize, maana nimekaa kimya tangu Desemba.

Kila senti imefika. Kaangalie huko kwenu, una ruhusa yangu. Wisconsin imefika, Iowa imefika, na majimbo mengine ambayo hata sijawahi kuyaota yamepata chao kila mwezi. Mashine yako haikuzimwa hata siku moja. Ila jioni ile ya mtoza ushuru niliingia kwenye mipangilio ya tovuti, nikakuta kisanduku kinauliza: bei zako zina kodi ndani yake? Nikatia tiki. Mstari ukatoweka. Mteja akaendelea kuona dola mbili na nusu na kulipa dola mbili na nusu, na kodi ikawa inatoka kwangu.

Najua utauliza kwa nini. Kwa sababu wewe umekaa Iowa miaka ishirini umesahau ulikotoka. Hapa mtu hakuambii bei mbili. Ukimwambia mtu mbili na nusu, umempa neno lako. Kisha afike mlangoni, pochi iko mkononi, umwambie, "Ngoja, kuna na ya serikali ya kwenu"? Sikuweza. Nilijaribu siku moja uso ukaniwaka peke yangu chumbani. Na usiniambie ningepandisha bei. Duka kubwa la hapo mjini linauza nzi waliofungwa Kenya, wazuri, wala siwezi kuwasema vibaya, kwa nusu ya bei yangu. Wateja wangu walibaki kwa ajili ya zile senti ambazo hazijabadilika tangu Norvin.

Nilidhani ni haba tu. Haba na haba hujaza kibaba, na pia huchota kibaba kikaisha. Kile nilichokuwa nabaki nacho kwenye kila nzi, baada ya ndoana na uzi na chakula cha majogoo, kumbe hakikuwa kinazidi sana hiyo kodi. Mashine yako ilichukua kimyakimya, kama ulivyoahidi. Sikujua hata kama imepita. Mwezi wa pili nikauza boti. Mwezi wa tatu sikuweza kumlipa Ione, nikamwambia biashara imepungua. Aliniangalia kwa macho yale yale ya siku ya mimba ya Renata. Miaka thelathini tumekaa meza moja, na nimemtazama akipiga magoti yale mabovu kulifungua jiliwa lake na kulitia kwenye mfuko wa duka la vyakula.

Ningekuambia. Nilikuwa nimeshachukua kalamu, Januari, kukuuliza nifanyeje. Ndipo ikaja barua yako ya makofi. Ulichukua maneno niliyokuandikia wewe, mtoto wa kaka yangu, ukawasomea wageni. Ukamshinda nayo yule baba wa sabuni aliyekuwa anasema kweli. Yeye alikuwa anaomba kwa ajili yangu, Merrill, hata hanijui, na wewe unayenijua ulisimama kumkalisha. Ningekuandikiaje tena kwamba nimeshindwa? Ungekuwa umejivunia nini?

Nilikaa kimya ili usiaibike. Nasema hivi nikiwa na hasira sana, lakini ni kweli.

Hela zako sizitaki, usinitumie hata dola. Nataka kitu kimoja. Ulisimama ukasema nimeweza. Simama tena, mahali pale pale, mbele ya watu wale wale, useme sikuweza.

Shangazi yako,
Arlys

*

Des Moines
21 Julai 2019

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Signe ameanza kucheka, analichekea feni la dari kuliko sisi. Renata alisoma barua yako kabla yangu, akaniwekea mezani, na siku mbili chakula nilijipakulia mwenyewe. Hiyo ndiyo habari ya nyumbani.

Niliangalia, kama ulivyoniruhusu. Kila senti imefika. Nisamehe kwa kukuita jina ambalo hukustahili. Nisamehe kwa kusoma barua yako. Nilidhani nakuheshimu.

Kikao kilikuwa Jumanne iliyopita, Minneapolis tena. Niliomba jina langu liwekwe kwenye orodha ya wasemaji. Mkuu wangu alinivuta pembeni kwenye korido akauliza, "Una uhakika?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi sikukuona hapa," akaenda zake kunywa kahawa.

Nikasimama nikawaeleza yote. Tiki, bei iliyoandikwa, boti, Ione. Makaratasi nikayaweka chini. Nikasema mfumo wetu umeirahisisha njia ya hela kufika kwa jimbo, lakini haukumrahisishia mtu kuiomba hela hiyo, na kwamba duka la nzi la Alder Fork linakufa kwa sababu ya urahisi huo. Nikaomba pendekezo la oda mia mbili lirudi mezani.

Bi. Strand akavua miwani. "Bwana Haugen, huyu shangazi si yule yule wa Januari?"

"Ndiye, mama."

"Aliyemaliza kabla chai haijapoa?"

"Ndiye huyo huyo."

"Basi pole zake. Lakini kisanduku amebofya mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono. Hatubadilishi kanuni za nchi kwa kosa la mtu mmoja."

Shangazi, sijui lilitoka wapi. Nikamwambia, "Januari pia alikuwa mtu mmoja, mama, na hakuna aliyelalamika."

Hakuna aliyecheka. Bi. Strand akavaa miwani akasema, "Tuendelee na ajenda," wakaendelea na ajenda. Yule muuza sabuni hakuwepo. Niliuliza, nikaambiwa aliacha kuja tangu majira ya kuchipua.

Nimefanya ulichoniomba na hakikusaidia kitu. Kazini wananisalimia kwa adabu mno, nadhani unaijua salamu ya namna hiyo. Niambie duka limefikia wapi. Niambie kuhusu nyumba.

Mwanao, kama bado,
Merrill

*

Alder Fork
18 Agosti 2019

Mwanangu Merrill,

Bado, ndiyo. Usijitie unyonge, haukupendezi. Tuko katika moshi. Msitu unawaka upande wa pili wa mlima na jua linatoka jekundu kama limelewa. Picha ya Signe nimeipata. Kweli ni kichwa cha kaka yangu, lakini nywele zitakuja kumfunika.

Duka nimelifunga wiki iliyofuata sikukuu ya uhuru ya Julai. Nimejiondoa majimbo yote ishirini na manne, na hilo pia lilikuwa rahisi. Nyumba nimempangishia mvuvi mmoja tajiri wa California, sehemu ya mbele yote, yenye dirisha la mtoni. Mimi nalala chumba cha nyuma alimokuwa analala baba yako kabla hajaoa. Jana amerudi na nzi wangu kofiani akaniuliza kama namjua aliyemfunga. Nikasema simjui. Usiku nililia, kisha nikachoka kulia.

Barua yako niliisoma mara moja nikaikunja. Nilikuwa nimekasirika, nikasema na iwe hivyo, amesimama, wamemcheka au hawakumcheka, yamekwisha. Lakini lile neno la mtu mmoja likanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Jumapili baada ya ibada tukashuka chini kunywa kahawa kanisani. Nikagonga kikombe kwa kijiko. Unajua mimi sisemi mbele za watu. Nikauliza, "Nani mwingine humu anauza vitu kwa mtandao, na kodi ya wateja anailipa yeye mwenyewe?"

Nilidhani watanishangaa. Mkono wa kwanza ulikuwa wa mke wa mchungaji, yule wa asali, na mchungaji akageuka kumtazama kwa sababu hakuwa anajua. Kisha Gordon wa mikanda ya ngozi. Kisha wale dada wawili wa sufu, wakitazamana, kila mmoja akidhani mwenzake hajamwona akitia tiki. Kisha wengine wawili. Sita, Merrill, katika chumba cha watu arobaini, na kila mmoja alikuwa amejificha na lake kama mwenye ugonjwa wa aibu. Mficha uchi hazai, na sisi tulikuwa tumeuficha wote, tukisalimiana kila Jumapili.

Nikawauliza kwa nini. Gordon akasema, "Sasa ungemwambiaje mtu bei, halafu umgeuke mlangoni?" Akaniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye sijui.

Ione alikuwepo. Alikuja akakaa karibu nami na kahawa yake. Akasema, "Ungeniambia tu, mjinga wewe. Ningefunga bure mpaka majira ya joto." Nilimshika mkono mpaka watu wakaanza kukunja viti.

Kwa hiyo niandikie kikao kijacho ni tarehe gani na ukumbi gani. Tutakuja na gari la kanisa, Gordon ataendesha, ni siku mbili njiani. Langu limeshakufa na hakuna kamati itakayolifufua. Nakuja kwa ajili ya hao sita, ambao maduka yao bado yana pumzi. Bi. Strand atauhesabu mkono mmoja mmoja, na sitakaa chini mpaka amalize.

Na wewe, Merrill, siku hiyo utakaa upande wetu wa ukumbi, hata kama kesho yake hutakuwa na kazi. Kusema peke yako umeshasema. Safari hii ukae nasi.

Shangazi yako,
Arlys